Pikapu Kuukuu Ikigoma Asubuhi: Pimeni Kabla ya Kufungua

Ndugu mafundi, waliowahi kunisikiliza wanajua nitakaloanza nalo, kwamba tupime kabla ya kufungua, nao wanivumilie, kwa sababu bado naletewa pikapu kuukuu za dizeli zinazogoma asubuhi, wenyewe wameshabadilishiwa hita plagi, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha, wameshauziwa betri mpya na wako mbioni kupeleka pampu ya mafuta ikafunguliwe, ilhali hakuna aliyeweka mita kwenye waya hata mmoja.

Chukueni ya mwisho niliyoipokea. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nilichomoa waya wa swichi inayofungulia mafuta kwenye pampu ili injini izunguke bila kuwaka, nikamwomba mwenye gari apige stata. Kwenye betri zilibaki volti 10.8, na hapo wengi wangeridhika na kurudi kwenye hita plagi. Mimi niligusisha waya mmoja wa mita kwenye chuma kitupu cha injini na wa pili kwenye nguzo hasi ya betri, nikimaanisha nguzo yenyewe wala si kibanio chake, stata ikapigwa tena, na mita ikaonyesha volti 1.4, yaani zilizopotea njiani kati ya injini na betri. Mahali hapo hata nusu volti ni nyingi. Nilipochana ganda la waya wa athi, ule unaounganisha injini na nguzo hasi ya betri, karibu na boliti ya injini, shaba ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki nzima hazikufika robo.

Najua mtaniuliza kwa nini, kama waya ulikuwa mbovu, mchana gari lilikuwa likiwaka. Oili ikipoa huwa nzito, stata huvuta ampea nyingi zaidi, na kadiri ampea zinavyopanda ndivyo volti zinavyopotea kwenye waya huo. Isitoshe, dizeli haina cheche; huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na pistoni ikipanda kivivu, joto hilo hunywewa na kuta baridi za silinda, na hewa nayo hupata nafasi ya kuvuja kwenye ringi. Sisemi kwamba hita plagi haziharibiki. Nasema fungueni kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, mzipime moja moja zikiwa palepale zilipo: iliyo nzima husoma ukinzani mdogo sana, iliyokatika haisomi kitu, na kazi yote haimalizi hata robo saa.

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo nitakimbia. Stata ikizunguka kwa kasi na moshi mweupe ukatoka kwenye ekzosi, mafuta yanafika lakini hayawaki, basi tazameni hita plagi na kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Moshi usipotoka kabisa, mafuta hayafiki. Pigeni pampu ya mkono juu ya filta kabla ya kuwasha, na gari likiwaka mara moja, jueni kuna mahali hewa inapenya usiku na mafuta yanarudi tangini, na mara nyingi ni vile vimpira vya marejesho, vinavyorudisha mafuta yaliyozidi, juu ya nozeli vilivyopasuka.

Pampu yenyewe nilipanga kuieleza leo, na aliyekuja kwa ajili yake anisamehe. Anayetaka nimwangalizie gari lake aliache kwangu tangu jioni, maana injini iliyokwisha kupata moto njiani haina la kunionyesha.