Hesabu Itoke Ubaoni Ipande Paani

Walimu wangu, wazazi, asalaam aleikum. Nalirudia lile lile: mwanafunzi akijua kanuni ya ujazo wa silinda lakini hawezi kukwambia tangi la kwao litadumu siku ngapi, hajafundishwa hesabu. Na mji huu wa Mombasa unaongojea maji ya mabomba kutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho hauwezi kupanga kesho yake na watu wa namna hiyo.

Chukueni paa la mabati linalofunika mita 8 kwa 6 za ardhi. Watoto watege uwanjani makopo mawili yaliyonyooka kuta, moja jembamba, moja pana. Mvua ikikatika, wapime kina kwa rula. Wengi watashikilia kuwa kopo pana limepata kina kikubwa. Waacheni wabishane, msiwape jibu! Rula itaonyesha kina kile kile, tuseme milimita 25, na hapo mtoto ataelewa kwa nini mvua haipimwi kwa lita. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi 48 mara 25 ni lita 1,200. Toeni moja ya tano, yaani asilimia 20, maji yanayoruka nje ya gata na kuvuja: 960. Tena mwageni lita 48 za mwanzo, maana kunguru wa Mombasa mnawajua na wanachoacha juu ya bati.

Wanapokosea ni kupima bati lenyewe. Paa likiinama nyuzi 30, bati litafika mita 55 za mraba, lakini mvua inayoshuka wima inakingwa na zile 48 za chini tu.

Sasa tangi: kipenyo mita 1.8, kimo mita 2. Ni kama lita 5,090. Anayeweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo atapata zaidi ya 20,000, mara nne! Watu 6, kila mmoja lita 20 kwa siku, ni 120. Tangi litadumu siku 42. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua haipo, ni siku 59. Basi wakadirie matumizi upya: lita 14 kwa mtu. Nani ataoga kwa ngapi? Wajadili.

Mtaniambia mtihani hauulizi matangi. Unauliza eneo, ujazo, uwiano na asilimia, na zote nimezitumia hapa bila kununua chochote ila rula.

Muda umekwisha. Visima tu, kwa haraka. Pwani, maji matamu huelea juu ya ya chumvi: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini yake. Pampu ikishusha maji hayo nusu mita, hatimaye chumvi inaweza kupanda mita 20. Huo ni uwiano, 1 kwa 40. Ufundisheni kwa visima vya mtaani kwenu, muhula huu huu.