Nyongeza ya mshahara hospitalini California: hiyo dola 25 mnaskia iko wapi?

Habari zenu watu wangu, mko aje huko nyumbani. Niko kwa gari hapa pakingi, ndio nimetoka shifti ya usiku, mkiona macho imevimba mnivumilie, si kulia, ni usingizi.

Sasa, mwana wa shangazi ameniandikia WhatsApp, ati nimeskia wafanyikazi wa hospitali California siku hizi ni dola 25 kwa saa, nitumie nauli. Na nauli anamaanisha ya ndege, haha.

Ebu skizeni. Hiyo sheria ya kupandisha mshahara wa hospitali, Gavana Newsom wa California aliisaini Oktoba 2023, na siku hiyo sisi watu wa usafi tuliimba ndani ya lifti. Ilifaa ianze Juni 2024. Juni ikikaribia tukaambiwa ngojeni Julai. Julai nayo ikikaribia, ngojeni Oktoba, serikali haina pesa, bajeti iko na pengo la karibu dola bilioni 47. Nikacheka, hii lugha si nimezaliwa nayo jamani. Mnakumbuka mwaka huo huo madaktari wetu Kenya waligoma siku 56, mkataba wa 2017 uko na sahihi ziko, intern alifaa kupata shilingi 206,400 kwa mwezi anaambiwa chukua 70,000. Hizo habari nilikuwa naziangalia kwa simu wakati wa chakula, na mimi pia nangoja sheria iliyosainiwa.

Mtauliza serikali inaingilia wapi. Huku kuna Medi-Cal, bima ya serikali ya watu wa mapato ya chini, na hospitali ndogo za mashambani kama hii yetu ya Central Valley wagonjwa wengi ni wa hiyo, kwa hivyo mshahara ukipanda bili inarudi tu kwa serikali. Halafu 2023 kulikuwa na mafuriko, watu wakaongezewa muda wa kulipa kodi mpaka Novemba, sasa bajeti ikapangwa na pesa ya kukisia, na walikisia juu sana. Na wakati wa kurekebisha sheria wakatoa vituo vya afya vya jimbo lenyewe nje ya hiyo sheria, hapo sijui nicheke ama nifanye nini.

Lakini iliyoniuma ni Aprili. Aprili 2024 wafanyikazi wa fast food walipanda wakafika dola 20. Mimi nasugua theatre baada ya operesheni, damu na kila kitu, nilikuwa 16.75, na mtoto wa kugeuza baga ananipita! Wawili wa shifti yetu waliacha kazi wakaenda kukaanga kuku, na sehemu zao tukaongezewa sisi.

Ikaanza Oktoba 16. Hospitali kubwa, zile za wafanyikazi 10,000 na zaidi, zilianza na 23, 25 wanaipata Julai 2026. Sisi wadogo tulianza na 18, eighteen mwana wa shangazi, halafu asilimia 3.5 kila mwaka. Nilipiga hesabu hapa hapa kwa gari, dola 1.25 iliyoongezeka mara saa 80, ni dola 100 kwa wiki mbili, na hapo kodi bado. Ile ya kwanza ilinunua tairi moja, hii ya mbele kushoto.

Sisi 25 tutaifikia Julai 2033. Kwa hivyo nauli nitatuma, lakini passport usikimbilie kuchukua saa hii, itaexpire.