Chujio Lililokufa Kimya: Mhadhara kwa Wanachama Wapya wa Klabu ya Huduma, Arusha

Ndugu Rais wa klabu, ndugu wanachama, wageni waalikwa, na hasa ninyi mliovishwa beji jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie miradi yetu kwa jamii na kazi za kujitolea. Orodha ninayo, na ni ndefu: miti, madawati, vyoo vya shule, uchangiaji damu, kambi za kupima macho. Nikiisoma yote mtapiga makofi na kwenda nyumbani mkiwa mmefurahi, lakini hamtakuwa mmejua chochote kuhusu kazi inayowasubiri. Kwa hiyo nitachukua mradi mmoja tu, tena ule uliotuaibisha, niueleze hadi mwisho wake.

Kabla ya hapo, maneno machache kuhusu tulikotoka. Klabu za namna hii zilianzia Chicago, ambako tarehe 23 Februari 1905 mwanasheria Paul Harris aliketi na wenzake watatu, Rotary ikazaliwa. Lions, klabu nyingine ya huduma, nayo ikaanza katika mji huohuo mwaka 1917. Mradi wa kwanza wa Rotary kwa umma ulikuwa kupigania vyoo vya umma mjini Chicago, jambo ninalolikumbusha kila nikimsikia mwanachama akinung'unika kwamba choo si mradi wa heshima. Huku kwetu watu hawakumngoja Paul Harris ili wajue kusaidiana. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, ulikuwapo, na upo. Lakini iko tofauti moja ambayo naomba muishike: anayekwenda msaragambo wa kuzibua mfereji kesho yake atachota maji ya mfereji uleule, na ukiziba tena yeye ndiye wa kwanza kujua. Sisi tunatoka mjini asubuhi, tunapiga picha, na kufika jioni tumesharudi mjini.

Sasa mradi wenyewe. Kila aliyekulia upande wa Mlima Meru anayajua meno ya kahawia. Mawe ya volkano ya mlima huu yana madini ya floridi, na maji yanayopita ndani yake huyabeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima vya Arumeru. Kiasi kidogo cha floridi huyasaidia meno. Kikizidi huyaharibu, na kikizidi zaidi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa, ndiyo maana katika baadhi ya vijiji mnaona watoto wenye miguu iliyopinda na wazee wasioweza kuinama. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa muda mrefu iliruhusu hadi miligramu 4, si kwa kutojua madhara bali kwa kuwa maeneo mengi yasingepata maji mengine, kabla ya kiwango kushushwa kuwa 1.5.

Naomba niondoe dhana moja ambayo hata mimi niliingia nayo klabuni: kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kunaua vijidudu, jambo jema, lakini maji yakipungua sufuriani madini hubaki, na kila lita iliyosalia huwa nayo mengi zaidi. Ongezeni hapo magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yaive haraka, ambayo nayo huwa na floridi yake, na mtaona kwamba mtoto anaweza kuipata kutoka kwenye kikombe na kwenye sahani kwa wakati mmoja.

Njia iliyojaribiwa kwa miaka mingi katika mkoa wetu, ikiwemo katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chenga, kisha maji hupitishwa humo na floridi hunasa. Uchomaji wake unataka mkono wa fundi. Moto ukiwa hafifu maji hutoka na harufu ambayo hakuna mtoto atakayeivumilia, na ukizidi mkaa hupoteza nguvu ya kunasa. Tena msisahau kuwaambia wanakijiji mifupa ni ya mnyama gani na imetoka bucha ipi. Mzee mmoja alituuliza swali hilo mbele ya mkutano mzima, nasi tukatazamana.

Tulifunga chujio kubwa la namna hiyo katika shule moja ya msingi, jina lake sitalitaja. Simtanki juu ya kichanja, pipa la mkaa chini yake, koki nne, na ukutani kibao chenye nembo yetu. Siku ya makabidhiano watoto waliimba, ngoma ikapigwa, tukala ndizi nyama. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilipita pale kwa shughuli zangu binafsi. Koki tatu kati ya nne zilikuwa zikitoa maji vizuri, ya nne ikiwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Eneo limefagiwa, kibao kinang'aa. Nilifurahi kama mjinga. Nilichukua chupa ya maji ili nikapimishe, kwa udadisi tu, na majibu yalipotoka, maji yaliyotoka kwenye koki hayakuwa na tofauti na yaliyoingia kwenye tanki. Mkaa ulikuwa umejaa floridi, haunasi tena. Watoto walikuwa wakinywa maji yaleyale ya zamani kwa imani mpya, na baadhi ya wazazi walikuwa wameacha kukinga maji ya mvua kwa sababu shuleni kuna chujio.

Pampu ikifa, watu hupiga kelele. Chujio la floridi likifa halipigi kelele: maji hayabadiliki rangi, ladha wala harufu. Asiyepima hajui. Na nani apime? Mwalimu mkuu aliyepokea mradi alikuwa amehamishwa. Kamati ya maji haikuwahi kuelezwa kwamba mkaa una mwisho. Nilipofungua faili letu nikakuta gharama ya kibao, ya maturubai na ya chakula cha wageni, lakini sikukuta hata shilingi moja ya mkaa wa pili. Lawama hiyo siwezi kumtupia mwalimu wala kijiji. Ni yetu.

Kulikuwa na kosa la pili, la ndani zaidi, ambalo daktari wa meno alitufungua nalo macho. Madoa huingia kwenye meno ya kudumu wakati yanajengwa ndani ya ufizi, katika miaka ya kwanza minane hivi ya maisha. Mtoto anapoanza darasa la kwanza, meno yake ya mbele kwa sehemu kubwa yameshapata hali yake. Maji salama shuleni bado yanaisaidia mifupa yake, sikatai, ila meno tuliyosema tunayaokoa yalikuwa nyumbani, kwenye uji wa mdogo wake. Tulichagua shule kwa kuwa shule ina ukuta wa kubandika kibao.

Tukageuza kazi. Badala ya chujio jingine kubwa tulianza na paa: gata, bomba, na simtanki la kukinga mvua za masika na vuli, kwa kuwa maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Mvua ya kwanza huachwa imwagike ili ioshe bati. Maji hayo hayatoshi kufulia, ila kaya ikiyatunza kwa ajili ya kunywa na uji wa wadogo pekee, hufika mbali. Na katika kila mradi sasa, kabla ya kuandika barua ya kuomba fedha, tunaandika jina la mtu atakayeshika ufunguo, na la atakayeushika huyo akihama.

Walio na shaka kwamba klabu zinaweza kuurudia mradi mmoja kwa miaka mingi waitazame polio. Rotary ilianza kampeni yake mwaka 1985, na Afrika ikatangazwa kuwa haina kirusi cha asili cha polio tarehe 25 Agosti 2020, miaka 35 baadaye. Mwaka 2022 kirusi kilipogunduliwa Malawi, hapa Tanzania pia tulirudi nyumba kwa nyumba na matone ya chanjo, na kila mtoto aliyeyapata akatiwa wino kidoleni. Nyumba yenye mlango uliofungwa ilirudiwa.

Jumamosi hii tunakwenda katika ile shule ya chujio, kubadilisha mkaa na kuchukua maji ya kupima. Tutaondoka saa moja kamili asubuhi. Njooni na buti na chupa safi zenye vifuniko. Fulana za klabu si lazima.