Ndoo Moja na Mchanga Wake: Mhadhara kwa Wenye Magari

Habari zenu ndugu zangu. Namshukuru mwenyekiti kwa kunikaribisha. Niliombwa nizungumzie kusafisha na kulinda rangi ya gari nyumbani, na kwenye karatasi hii nimeandika mambo saba. Nawaambia mapema kwamba sidhani kama nitayafikia yote, kwa sababu la kwanza ndilo linalonikosesha usingizi, na ndilo watu wanalisikia kwa sikio hili linatokea kwa lile.

Nimepiga rangi za magari hapa Dar es Salaam miaka 22. Magari yanayoletwa kwangu rangi ikiwa imechoka, mengi hayakuchoshwa na uchafu. Yamechoshwa na kuoshwa. Yameoshwa vibaya, kila siku, na watu wanaoyapenda.

Sikilizeni kisa kimoja. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea Harrier yake nyeusi. Alikuwa amekasirika. Alikuwa nayo mwaka wa pili tu tangu itoke bandarini, na akashika neno moja: waliomuuzia walimuuzia gari la rangi mbovu. Nilimwomba tuisogeze juani. Nikawasha tochi ya simu juu ya boneti, nikamwambia, mama, tazama hapa kwenye mwanga. Akaona mikwaruzo midogo midogo, maelfu, imeuzunguka ule mwanga kama utando wa buibui. Nikasogeza tochi mlangoni, utando ukafuata. Kwenye paa, vilevile. Nikamuuliza, gari linaoshwa na nani? Akasema, kijana wangu wa getini, na yule mtoto ana bidii, hajaacha hata siku moja. Nikamwambia, kesho naomba uje naye, na aje na vyombo vyake vyote anavyooshea.

Wakaja. Kijana ana ndoo moja ya lita 20 na tambara lililokuwa fulana. Maji ya jana bado yamo ndani. Nikayamwaga polepole, kama mtu anavyomwaga maji ya mchele asipoteze punje, mpaka yakabaki kidogo chini. Nikamwambia, tia mkono. Akatoa mchanga. Si vumbi, ni mchanga unaousikia kati ya vidole viwili. Nilikuwa na mlango mbovu wa gari pale gereji, mweusi, bado unang'aa. Nikachovya lile tambara ndani ya ndoo, nikamwambia, futa hapa kama unavyofuta gari la mama. Akafuta mara tatu. Tukakausha, tukawasha tochi. Yule kijana alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Shikamoo mzee, mimi nilikuwa nalitunza." Na kweli alikuwa analitunza. Sikumlaumu, na mama naye hakumlaumu. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Ndiyo maana naendelea kulisema hili kila ninapoitwa.

Mchanga mwingi ni kwatzi, jiwe linalokwaruza hata kioo. Sasa fikirieni unakwaruza nini. Juu ya bati kuna prima, yaani rangi ya msingi, juu ya prima kuna rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna klia, ule utando wa juu usio na rangi unaong'aa. Ukilipapasa gari lako unapapasa klia, rangi yenyewe iko chini yake. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 mpaka 50. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele mmoja wa kichwani una kama mikroni 70. Yaani mng'ao wote uliolipia mamilioni uko ndani ya kitu chembamba kuliko unywele. Humo ndimo imo pia dawa inayozuia jua lisiichome rangi. Klia ikiisha paani na kwenye boneti, ambako jua linapiga wima, inaanza kubanduka vipande vipande kama ngozi iliyobabuka, na hapo hakuna waksi itakayokusaidia.

Wazee wa pwani wanaujua mti wa msasa. Majani yake yanaparuza, na maseremala walikuwa wakiyatumia kulainishia mbao kabla ya hii karatasi ya dukani, ambayo imerithi jina la mti. Seremala hakukandamiza jani. Alipitisha tu, tena na tena, jani likafanya kazi yake. Tambara lenye mchanga ni jani la msasa. Usiniambie "lakini mimi nafuta taratibu". Hata seremala alifuta taratibu.

Najua yupo anayesema moyoni, gari ni chombo cha kazi, likifubaa nitampelekea fundi apige bafu, yaani alisugue kwa mashine ya kung'arishia, ling'ae. Sawa, nitakupigia. Lakini elewa mashine ile inafanya nini: inakula klia mpaka ifike usawa wa chini ya mkwaruzo. Kila mara tunapopiga, mikroni kadhaa zinaondoka na hazirudi. Gari linalopigwa bafu kila mwaka linakwenda kumaliza klia yake kwa pesa ya mwenyewe.

Mwingine anasema, basi nitapiga rangi upya. Ndugu yangu, kiwandani bodi inaingizwa kwenye tanuri ikiwa bati tupu, kabla ya nyaya, kabla ya viti, kabla ya plastiki, na rangi inaokwa kwenye joto la kama nyuzi 140. Mimi siwezi kuingiza gari lako zima kwenye joto hilo. Nyaya na plastiki zitaharibika. Mimi nachanganya klia na hadina, ile dawa ya kuigandisha, nakausha kwenye nyuzi 60 kama nina chumba, au kwa jua kama sina. Nafanya kazi nzuri na naionea fahari, lakini rangi ya kiwandani ikiondoka imeondoka. Na mnunuzi wa gari lililotumika, kabla hajauliza bei ya mwisho, anauliza, "Hii rangi ni yake?" Jibu lako hapo lina thamani ya pesa.

Sasa tufanyeje. Kwanza, kuanzia kesho asubuhi, mtu asifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Hata kama unachelewa kazini, hata kama umeandikwa jina kwenye kioo cha nyuma. Gari lenye vumbi liondoke na vumbi lake. Vumbi lililolala halikwaruzi, linakwaruza likisukumwa.

Pili, maji yatangulie mkono. Mwagia gari lote kuanzia paani kwenda chini, yaache maji yateremke na mchanga. Mtaniambia maji ya bomba hayatoki kila siku, na mpira huna. Sizungumzii mpira. Nunua pampu ya mkono ya kunyunyizia dawa shambani, ya lita 5, mpya isiyowahi kutiwa dawa. Lita 10 za pampu zinatoa mchanga mwingi kuliko ndoo nzima iliyorushwa kwa pupa.

Tatu, ndoo ziwe mbili. Moja ya sabuni, moja ya maji matupu. Glovu ya kuoshea, ile yenye manyoya laini, unaichovya kwenye sabuni, unaosha sehemu moja, tuseme nusu ya mlango, halafu kabla haijarudi kwenye sabuni unaisuuza kwenye maji matupu. Mchanga ubaki huko. Anza na paa, boneti, madirisha, milango, na mwisho kabisa sehemu za chini karibu na tairi, maana huko ndiko kuna matope na vumbi la breki. Rimu ziwe na tambara lao na ndoo yao. Pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka, usizungushe. Na kitambaa kikidondoka chini, hata kwenye sakafu uliyofagia sasa hivi, hakirudi kwenye gari siku hiyo.

Hili la kudondoka nawasihi mlishike. Nimeona gari zuri likichorwa mstari mmoja wa urefu wa mlango kwa punje moja iliyookotwa chini.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nayapitia mbiombio.

Sabuni ya unga ya kufulia, hapana. Inavua waksi yote, na chembe zake zisizoyeyuka nazo zinakwaruza. Ya maji ya kuoshea vyombo ni nafuu kidogo, lakini nayo inavua waksi. Shampoo ya gari, kifuniko kimoja au viwili kwenye ndoo, chupa inakaa miezi.

Maji ya kisima. Wengi wetu tuna visima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Usioshe juani, na usiache maji yajikaukie yenyewe, yataacha madoa meupe ambayo baadaye yanakuwa ya kudumu. Ukiwa na maji ya mvua uliyokinga, ya mwisho kusuuzia yawe hayo. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, ulilaze na kulivuta polepole.

Kunguru. Hawa walioletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe taka za mji ndio leo wanatuchafulia magari mji mzima. Kinyesi chao kina asidi, na juani klia hupata moto ikalainika. Usingoje Jumamosi. Lowesha karatasi laini, ilaze juu dakika tano, halafu inyanyue pamoja na uchafu. Usikwangue kwa ukucha, ndani ya kinyesi cha ndege mna changarawe.

Waksi. Ile ya karnauba inatokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi wa huko Brazili, na kwa jua letu hesabu wiki sita, miezi miwili. Paka kivulini, tabaka jembamba, kwenye gari safi kabisa. Ukipaka juu ya vumbi umepaka msasa.

Keramiki, ile dawa ya kisasa inayopakwa juu ya klia ikagandia, ni nzuri, maji yanateleza na uchafu unatoka kwa urahisi. Lakini aliyekuambia haikwaruzwi kamwe alitaka kuuza. Ukiipaka ukarudi kwenye ndoo moja na fulana kuukuu, miezi sita utando wa buibui umerudi.

La taa zilizofifia naliacha, nitawajibu mmoja mmoja.

Sasa naomba tutoke nje. Nimekuja na ndoo mbili na pampu, nahitaji gari moja lenye vumbi, jeusi kama lipo, na mtu wa kuosha ambaye hajawahi kuosha hivi. Na mwenye lile la bluu lililoegeshwa chini ya mwembe, naomba alisogeze sasa hivi, limeshaanza kudondokewa na utomvu, na ukikauka kwa hili jua la saa tano hautatoka kwa maji.