Barabara ya Kusini na Maji Yake

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara. Nitaanzia Rufiji, maana sisi tuliokulia kusini hatuwezi kusimulia njia hii bila kutaja mto.

Kabla ya 2003 daraja halikuwapo. Basi likishapita Ikwiriri lilikwenda kupanga foleni ya pantoni, na mto ukijaa, pantoni ilisimama. Mama yangu alikuwa akitufungia chakula cha siku tatu. Tulilala chini ya malori ya korosho, tukisikiliza maji. Vijana msidhani natia chumvi: Dar es Salaam hadi Lindi ni kama kilomita 450 tu, safari ya kutwa. Kilichotuweka mbali na wenzetu ni maji.

Ndipo likaja Daraja la Mkapa, karibu mita 970. Marehemu Mzee Mkapa, rais wetu wa awamu ya tatu, alizaliwa Lupaso, Masasi, hivyo njia ya kwenda kwao ilipita hapo hapo. Siku niliyolivuka mara ya kwanza nililia, sioni haya kusema.

Ila zilibaki kilomita 60 hivi, Ndundu hadi Somanga, za udongo kwa miaka mingi baadaye. Masika yakianza, tope lilimeza magurudumu, abiria tukashuka kusukuma, kina mama wenye watoto mgongoni nao wakisukuma. Kipande hicho kilitutesa kuliko mto wenyewe.

Mbele ya Somanga kuna Nangurukuru, inapochepuka kushoto njia ya Kilwa Masoko. Ng'ambo ya Masoko ndiko Kilwa Kisiwani, mji uliofanya biashara ya dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, ambao msafiri Mwarabu Ibn Battuta aliufikia 1331. Kilwa ilifikiwa kwa jahazi karne nyingi kabla ya kufikiwa kwa lami. Kisha unavuka mto Mbwemkuru, unapita Mchinga, Lindi, Mingoyo, mpaka Mtwara.

Mei 2024, wakati wa mvua na kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara tena pale Somanga. Magari yakakwama pande zote mbili, nami nikazikumbuka zile siku za pantoni. Wazee wa pale wanajua kila mkondo, hata ule unaokauka miaka mitano ndipo urudi. Naomba mhandisi anayekuja kupima kalvati, njia ya maji chini ya barabara, akae nao kwanza, wamwonyeshe kwa kidole maji yanapopita.