Mvula na Mvua

Salaam aleikum wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma. Najua wengine mmevuka daraja la Sabaki tangu alfajiri mkitoka Marafa na Gongoni. Ahsanteni.

Nianze na mto huo huo. Bara kukinyesha, Sabaki hushuka na udongo mwekundu hadi bahari ya Malindi ikageuka rangi. Mvuvi wa Shela akiitazama husema mvua imepiga bara. Mkulima wa Magarini naye husema mvula.

Hapo ndipo mtu hucheka, eti Kigiriama, lugha yetu, ni Kiswahili kilichovunjika. Nasema hapana! Hebu tutamke pamoja: mvula, mvua. Mulungu, Mungu. Mmesikia? Aliyeangusha ile "l" njiani ni Mswahili. Mgiriama kaihifadhi mpaka leo. Basi mtoto wa Marafa anayesema mvula nyumbani na mvua sokoni hajachanganyikiwa. Amebeba neno katika umri wake wa zamani na umri wake wa sasa, na hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Mimi shuleni nilivishwa kibao cha adhabu shingoni kwa kusema neno madzi, yaani maji. Nilikuwa na kiu, nikaomba kama nilivyoomba kwa bibi. Kibao kile nilikitembeza mchana kutwa, na jioni niliona haya kumjibu bibi kwa lugha yake. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko kibao chenyewe.

Tena ardhi yetu imeandikwa kwa lugha hiyo. Lile korongo la Marafa, wenyewe huliita Nyari, mahali palipojivunja penyewe. Jina moja tu, na tayari limekueleza jinsi mvua na upepo vinavyoumega ule mchanga kila mwaka.

Na Mekatilili wa Menza, mama yetu wa Kigiriama, mwaka 1913, alipowaita watu wakatae vibarua vya Mwingereza, aliwaita kwa Kigiriama na kwa ngoma ya kifudu. Alipelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Baada ya vita vya Wagiriama na Mwingereza vya 1914, watu waliamriwa waondoke ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, mashamba yao wayaache. Walirudi baadaye, na nyinyi mliovuka daraja leo ni wajukuu wao.

Sasa nataka kuwasikia. Mama uliye pale mbele, tuanze nawe: kwenu mvula ya kwanza mnaiitaje?