Shahada Inayoanzia kwa Mwajiri

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti ameshaitazama saa yake, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mhadhiri yeyote hapa Dodoma anakijua kile kitabu cha fildi, yaani cha mafunzo ya vitendo kazini. Mwanafunzi anakirudisha chuoni, kila siku imejazwa, kila ukurasa una saini. Kitazame vizuri: wino ni uleule mwanzo hadi mwisho, na kuanzia katikati saini inazidi kufupika kwa sababu mkono umechoka. Msimamizi wa kazini amekisaini chote siku ya kuagana. Simlaumu. Kijana aliletwa kwake na barua. Hakuulizwa anamhitaji lini, wala afundishwe nini. Angefanyaje?

Sasa watu wakisikia uanagenzi wa shahada, yaani kusoma shahada ukiwa umeajiriwa, wanadhani ni fildi iliyorefushwa. Hapana. Ujerumani, katika chuo cha Duale Hochschule Baden-Württemberg, mwombaji haanzii chuoni, anaanzia kwa mwajiri. Akipata mkataba wa kampuni ndipo anapata nafasi ya kusoma. Kisha kwa miaka mitatu anakwenda miezi mitatu darasani, mitatu kazini, na mshahara unaingia hata akiwa darasani. Mfumo huo ulianza Stuttgart mwaka 1974, na kampuni kama Bosch na Daimler-Benz zilikuwamo tangu siku ya kwanza. Hazikualikwa baadaye kuja kukata utepe.

Uingereza walianza mwaka 2015 kwa njia yao. Mwanagenzi ni mwajiriwa, halipi ada, na anaondoka na shahada kamili. Tangu Aprili 2017 waajiri wakubwa wanakatwa asilimia 0.5 ya mishahara inayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka, na fedha hiyo ndiyo inayolipia masomo. Mwajiri anajua fungu lake liko wapi, kwa hiyo anauliza chuo maswali magumu.

Nimeona wahasibu wawili wakitabasamu. Mmeshajua ninakokwenda: SDL. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye watu kumi au zaidi, anayebanwa na sheria hiyo, analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023. Hiyo ni kubwa kuliko ya Waingereza, na haina ule msamaha wa milioni tatu za kwanza! Msiniambie basi kwamba hatuna desturi ya kumchangisha mwajiri. Tunachokosa ni mwajiri kuiona tozo yake ikirudi katika sura ya mtu anayemfahamu kwa jina.

Kuna jambo la kalenda, na hapa naomba wenzangu wa chuo mnisikilize. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mwenye kiwanda cha mvinyo anamhitaji mwanafunzi wa sayansi ya chakula wiki zile tangi zinapojaa, apime sukari na asidi, akeshe akiangalia joto la uchachushaji. Ukimpelekea kijana miezi ambayo mashine zimeoshwa na kufunikwa, atajifunza kufagia. Vivyo hivyo pampu za visima vya Makutupora haziharibiki kwa kufuata mihula. Ratiba ya shahada ya namna hii ichorwe na watu wawili, na mmoja wao awe anajua msimu.

Si kila kozi inafaa, na sitapoteza muda kubishania falsafa. Wasiwasi wangu uko kwa waajiri wadogo. Fundi mkuu mmoja, karakana ya watu sita: nani atakaa na mwanagenzi kumweleza kwa nini, zaidi ya vipi? Huyo hata SDL hailipi. Hapo waajiri watatu au wanne wa kule Kizota kwenye viwanda wanaweza kushirikiana mwanagenzi mmoja, lakini mkataba wa kazi uwe na mmoja tu, la sivyo kijana atageuzwa kibarua wa wote na hakuna atakayemlipa.

Na alama. Chuo kisimwachie mwajiri shahada nzima, kwa sababu Seneti ndiyo inayoitolea jasho mbele ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Ila mtu aliyemwona mwanafunzi akifungua pampu saa nane usiku awe na alama zinazoweza kumfelisha. Akishapata uwezo huo, hatasaini kitabu kizima kwa siku moja.

Wenye viwanda, kabla ya chai niandikieni vitu viwili kwenye karatasi mliyopewa: miezi yenu ya kazi nyingi, na jina la mtu atakayefundisha. Si la meneja, tafadhali. La anayeshika spana.